Stoo ya Mkwe Wangu

Mlango wa stoo ile haukuwa na kufuli, ulikuwa na komeo tu, na ndiyo maana mpaka leo sikubali kuambiwa kwamba nilipekua. Nilikuwa natafuta pilipili manga. Binti yangu alikuwa amejifungua mtoto wa kike, mzaliwa wake wa kwanza, nami nilikuwa nimetoka kwangu Malindi nikaja Takaungu kumlea arobaini yake, kama mama yeyote wa pwani anavyomlea mwanawe. Mzazi hunywa uji wa pilipili manga asubuhi na jioni, tumbo lirudi mahali pake. Ya jikoni ilikuwa imekwisha. Nikafungua stoo.

Nilisimama pale mlangoni na mwiko mkononi. Magaloni ya maji yamepangwa ukutani kutoka chini mpaka usawa wa kifua changu. Magunia ya mchele. Maharagwe, sukari, chumvi, mafuta, samaki wa mikebe. Mishumaa ya kutosha kuangazia msikiti. Jiko dogo la gesi, redio ya kuzungusha kwa mkono, tochi, dawa, bandeji. Na nyumba yenyewe ina watu wawili na kichanga. Nikajiuliza, huyu mtu ana duka ambalo hatujaambiwa?

Nyuma ya mlango palitundikwa begi la mgongoni, la kijani, limejaa mpaka limetuna. Nikalifungua nalo. Viatu vizito vya kufunga kamba. Soksi za sufu. Koti ambalo pwani hii hulivai hata ukishikwa na homa ya kutetemeka. Kisu, vyombo vya kulia, na pasipoti ya mkwe wangu. Zote nguo za mwanamume mmoja. Hata leso moja ya mwanangu haikuwamo.

Mume ambaye mkewe amejifungua juzi, begi keshalifunga, pasipoti i ndani. Mimi ni mjane, nimeishi, nimesuluhisha ndoa za watu mpaka nikachoka. Begi la namna hiyo kwetu lina maana moja tu.

Huyu mkwe wangu ni Mzungu wa Finland, nchi ndogo yenye baridi kaskazini kabisa mwa Ulaya. Alikuja kufanya kazi na wanakijiji wa Kuruwitu, kazi ya kupandikiza matumbawe mapya mahali pa yaliyokufa, akajikata mguu humo humo baharini, akapelekwa hospitali Kilifi, na muuguzi aliyemshona alikuwa binti yangu. Alisilimu, akamwoa, wakapanga nyumba Takaungu. Kiswahili amekijua barabara. Mpole, hana makuu, akiniona tu ni shikamoo mama, macho chini. Sikuwahi kuwa na neno naye. Na hapo ndipo penye shida, maana kwetu mkwe na mkwe hawana maneno. Heshima imejaa baina yetu hata chumvi ikizidi kwenye mchuzi hawezi kunitamkia, nami nikiwa na la kumwuliza humwuliza mkewe.

Sasa swali kama lile ningemwuliza mkewe vipi, mtu amelala na mtoto kifuani, maziwa ndiyo kwanza yanashuka? Mzazi akishtuka maziwa hukatika. Nikarudisha komeo, nikampikia uji kwa pilipili ya kuazima, nikamtazama akinywa huku anatabasamu, na roho yangu inawaka moto. Nilimwonea huruma mwanangu hadi nikataka kulia mbele yake.

Lakini kunyamaza si fani yangu. Nilifundisha historia miaka mingi hapo Malindi, nimestaafu, na koo langu bado halijapata habari kwamba limestaafu. Nikamwambia mkandaji. Huyu ni mama wa Takaungu aliyekuwa akija kila asubuhi kumkanda mzazi kwa maji ya moto, mwanamke mwenye mikono mikubwa na mdomo usiolala. Alinisikiliza akiendelea kukamua kitambaa.

"Ana mke kwao," akasema. "Akufukuzaye hakwambii toka, mwalimu. Huyo anangoja arobaini ipite asionekane mbaya."

"Na vyakula vyote vile?"

"Uchoyo. Jirani zake tunaazimana kibaba cha mchele, yeye kaweka magunia gizani. Mtu anayeficha mchele utamwaminia nini?"

Hilo la uchoyo liliniingia kuliko hata la mke mwenza. Mimi nimelelewa nyumba ambayo chakula kikizidi kinatoka nje kabla hakijapoa. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema chakula kilichofungiwa kina mwenyewe mwingine, naye ni mchwa. Kila nilipopita mbele ya ule mlango nikahisi nyumba nzima inanuka aibu, na kila mkwe wangu aliponiamkia nikaitikia marahaba kwa pembe ya mdomo.

Ikafika siku ya akika ya mtoto. Mbuzi alichinjwa alfajiri, mkwe wangu akatoa mchele wa shughuli, wa kupima, wa watu walioalikwa. Yeye na upole wake wote hajui kwamba shughuli ya Takaungu haina walioalikwa. Kufika saa nne ua umejaa, na wengine ndio kwanza wanatokeza kwenye kichochoro. Na maji ya mfereji, kama kawaida yake siku ya shughuli, yakakatika. Mkwe wangu alikuwa ameitwa Kuruwitu mara moja, wavuvi wana mgeni wao, atarudi adhuhuri. Mkandaji akanitazama. Nami nikamtazama. Tulikwenda stoo tukafungua.

Tulitoa mchele wote, na mafuta, na sukari, na maharagwe yakapikwa kwa nazi kwa wale wasiokula nyama. Samaki wa mikebe waligawiwa wazee waende nao nyumbani. Maji tulinawishia watu, tukapikia, na yaliyobaki tukaoshea masufuria. Mimi mwenyewe nilikuwa na jibu langu tayari mdomoni. Kama angeniuliza, ningemwambia: maji yamekatika, wageni wako uani, hii si dharura ni nini? Na moyoni nikasema, tuone sasa atasafiri na nini.

Aliporudi alipitia mlango wa nyuma. Nilikuwa nimeinama kwenye sufuria, nikamwona amesimama mbele ya stoo iliyo wazi. Nimeona watu wakishtuka, nimewapa wanafunzi matokeo ya mitihani, nimewaambia wanawake waume zao wamekufa. Sura ile sikuwahi kuiona. Damu yote ilimtoka usoni. Aliweka mkono kwenye galoni moja tupu, akalitikisa kidogo, akalirudisha chini taratibu. Kisha akavaa kofia yake, akaenda kukaa na wanaume, akala pilau, akamwombea dua mwanawe pamoja nao. Nikaanza kuona jambo hili silielewi. Mtu mchoyo angefoka.

Wageni walipoondoka, alasiri, alikuja akasimama kwenye kizingiti cha jiko. Hakuingia.

"Mama, samahani," akasema, macho chini. "Yale maji. Yamekwisha yote?"

Basi heshima yote ya mkwe na mkwe ikanitoka. Nilimwambia ndiyo, yamekwisha, na mchele umekwisha, na kama ana mke kwao aseme leo hii mbele yangu, asimtese mwanangu. Nikamwambia begi lake nimeliona. Nikamwambia mengine ambayo siyaandiki hapa kwa sababu mjukuu wangu atakuja kuyasoma. Alinitazama usoni, mara ya kwanza tangu amwoe binti yangu. Alikuwa ameduwaa.

"Mke?" akasema. "Mama, sina mke mwingine."

"Basi unakwenda wapi?"

Akaketi chini, pale pale kizingitini, miguu nje kichwa ndani, kama mtu aliyeishiwa nguvu. Na akaanza kunieleza, taratibu, kwa Kiswahili chake kizuri.

Kwao, alisema, kila nyumba ina stoo kama ile. Si uchoyo, ni serikali iliyowaambia: kila mtu awe na maji na chakula cha kuishi bila msaada, kwa sababu siku ikifika msaada utakuwa na kazi nyingine. Chini ya majengo yao kumechimbwa mahandaki ndani ya mwamba. Siku za kawaida watoto wanacheza mpira humo, mengine yana mabwawa, na yeye mwenyewe alijifunzia humo kuogelea, na akiwa mdogo alidhani mabwawa yote duniani yana mlango wa chuma mnene kama mkono. Wanaume wote hufundishwa bunduki wakifika umri, mtoto wa tajiri na mtoto wa maskini, kisha hurudi makazini wakingoja kuitwa. Yote hayo kwa ajili ya jirani mmoja. Wao ni wachache, na jirani yao ni Urusi. Kijiji alikozaliwa babu yake leo kiko upande wa pili wa mpaka, kilichukuliwa vitani na hakikurudi.

"Nami ni mmoja wa wanaongoja kuitwa," akasema. "Nikienda kumwona mama yangu kila mwaka, nusu ya likizo huwa kambini, najikumbusha. Begi ni la kazi hiyo. Nikiitwa, naondoka."

Mwenyewe nilikuwa nimejiandaa kwa mke mwenza. Mke mwenza namjua, utamtukana, utamnunia, utamwitia wazee, mwisho atachoka au utachoka wewe. Nchi utaifanya nini? Laiti angekuwa mwanamke, nikasema moyoni, na nikashangaa kwamba mimi, mama mzazi, nimeomba mwanangu apate mke mwenza.

"Lakini wewe uko Takaungu," nikamwambia. "Hapa hakuna Mrusi. Hapa hata polisi hawaji mpaka wapigiwe simu mara tatu."

"Ndiyo, mama. Ni nafsi yangu tu haitulii. Siwezi kulala kwenye nyumba isiyo na maji."

Nikaona nimshike kwa lile ninalolijua. Nikamwambia sisi tumeishi na majirani wenye nguvu kabla nchi yake haijapata jina. Wahenga wetu walisema mwenye nguvu mpishe. Nikamweleza habari ya mfalme wa Malindi, ile ile niliyoifundisha mpaka chaki ikanila vidole: Malindi ilikuwa ndogo, Mombasa ilikuwa kubwa na ikiionea, basi Mreno alipotia nanga mfalme wetu alimpokea kwa vifijo. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa nini alimpokea? Kwa sababu ya kumwogopa jirani. Jibu hilo kwenye mtihani lina alama mbili.

Alisikiliza kwa makini, mikono magotini.

"Na huyo Mreno," akauliza, "alipomaliza kuwasaidia, aliondoka?"

Miaka yote ile darasani hakuna mtoto aliyeniuliza hivyo. Jibu nilikuwa nalo. Mreno hakuondoka. Mombasa ilipotekwa, mfalme wa Malindi wa siku hizo alihamishiwa huko huko Mombasa kutawala chini ya mgeni, na mji wetu ukabaki ukifa polepole mpaka nyumba zikaota miti ndani. Nikamwambia. Niliona aibu, sijui kwa nini, kana kwamba mimi ndiye niliyefungua bandari.

"Babu yangu aliliogopa hilo," akasema. "Siku zake siasa ya nchi ilikuwa moja. Jirani usimchokoze. Mchekee, muuzie bidhaa, usikae na maadui zake. Na huku nyuma unachimba mwamba na kufundisha vijana. Sasa huyo jirani ameingia nchi ya wenzake kwa vifaru, watu wetu wameogopa, tumejiunga na muungano wa kijeshi pamoja na wakubwa wengine. Mama yangu alishangilia. Mimi pia nilishangilia. Lakini babu angekuwa hai angeuliza swali lile lile."

"Basi mpisheni tu huyo jirani. Watu wabaki hai."

"Tumpishe tuende wapi, mama? Nyuma yetu ni bahari."

Mimi nimezaliwa na bahari nyuma yangu, na sikuwahi kuifikiria kuwa ukuta. Nikamtazama huyu mtoto wa watu aliyekaa kizingitini, ana unga wa chumvi kwenye nywele, magamba ya samaki kwenye kandambili, nikaona jinsi nilivyomjua kidogo. Nilijua anapenda mkate wa sinia. Nilijua haogopi kuosha nepi. Kwamba kila anapolala mkono wake mmoja uko kwenye begi, sikujua, na nilikuwa nimemkabidhi binti yangu wa pekee.

Hasira ikanirudi, safari hii nikijua inakokwenda. Nikamwambia: "Umesilimu hapa. Umeoa hapa. Damu yako imezaliwa hapa, leo tumemnyoa nywele. Niahidi basi. Sema, mama, nikiitwa sitakwenda."

Hakusema. Alikuwa na adabu nyingi mno kunidanganya. Aliangalia mikono yake, na hilo lilinitisha kuliko lolote alilosema.

"Hawezi kukuahidi, mama."

Alikuwa binti yangu. Alikuwa amesimama ukumbini, mtoto begani, kanga imemlegea, ametoka kitandani ambako sikumruhusu kutoka. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Nilimkimbilia nimshike, nikidhani ataanguka, nikidhani habari imemkata miguu. Hakuanguka. Uso wake ulikuwa mtulivu mno.

"Nilijua kabla ya ndoa," akasema. "Aliniambia siku ile ile aliponiposa. Mimi ndiye niliyesema tusikwambie, kwa sababu ungekataa."

Ningekataa, kweli. Wallahi ningekataa.

"Na wewe ukakubali kuwa mjane wa vita vya watu wengine?"

"Sikukubali kuwa mjane." Alimhamisha mtoto bega la pili, akampapasa mgongo. "Akiitwa, nakwenda naye. Mimi ni muuguzi, mama. Wanatuhitaji zaidi kuliko wanavyowahitaji wenye bunduki. Nimeanza hata kujifunza lugha yao."

Nilimtafuta mkwe wangu kwa macho anisaidie, amkataze. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na hakuwa akiyafuta. Nikaelewa kwamba alishamkataza, mara nyingi, na alishashindwa, kama nilivyowahi kushindwa mimi alipokuwa mdogo na anataka kitu. Nikashika ukingo wa meza ya jikoni.

"Na huyu?" nikauliza. Sikuweza kulitaja neno mtoto. Nilionyesha kwa kidevu.

Walitazamana. Pale ndipo nilipojua kwamba walikwisha kulizungumza, labda usiku mwingi, chini ya chandarua, wamenong'ona na kukubaliana, nami Malindi nimelala usingizi wangu.

"Huyu atabaki nawe," akasema binti yangu. "Malindi. Tulishapanga. Tulikuwa tunangoja arobaini iishe tukwambie. Hatuna mahali pengine pa kumweka, mama, tukaenda tukiwa na amani, ila kwako."

Nilikuja Takaungu kulea mzazi mpaka atoke ndani, nirudi kwangu kwa kuku wangu na vitabu vyangu. Sasa naambiwa mimi nimo katika mipango ya vita. Nchi ile imehesabu maji na mishumaa na mahandaki, na wanangu hawa wawili nao wamenihesabu mimi, kikongwe wa Malindi asiyejua hata mpaka wenyewe uko wapi, na hakuna aliyeniuliza kama nguvu ninazo. Nilitaka kukataa. Nilifungua mdomo kukataa. Mtoto akapiga chafya, ile chafya ndogo ya kichanga, na mdomo wangu ukasema "Yarhamukillah" badala yake.

"Na msiporudi?" nikasema. Sauti ilitoka nyembamba, si yangu. "Nyote wawili. Akikua akaniuliza, nitamwambia nini?"

Binti yangu alikuwa analia sasa, lakini alinijibu bila kusita.

"Utamwambia ilivyokuwa. Wewe si mwalimu wa historia?"

Nilimchukua mtoto mikononi mwake. Nikamwambia arudi kitandani, mzazi hasimami pasipo viatu kwenye sakafu ya saruji.